Mzigo Umefika, Wajibu Umebaki Wapi?

Mwaka 2009, kila simu ya iPhone 3G iliyotoka kiwandani Shenzhen kwenda Marekani iliandikwa kwenye karatasi za forodha kuwa bidhaa ya China yenye thamani ya karibu dola 179. Mwaka uliofuata watafiti wawili, Yuqing Xing na Neal Detert, waliifungua hesabu hiyo kipuri kwa kipuri. Vipuri vya Japani vilikuwa asilimia 34 ya gharama, vya Ujerumani 17, vya Korea Kusini 13, na vya Marekani yenyewe 6. Kazi ya kuviunganisha, ambayo ndiyo hasa iliyofanyika China, ilikuwa na thamani ya dola 6.50. Lakini kwa jinsi takwimu za biashara zinavyoandikwa, simu hiyo peke yake iliitia Marekani nakisi ya biashara (manunuzi kuzidi mauzo) ya karibu dola bilioni 1.9 dhidi ya China kwa mwaka mmoja.

Nimesoma maandiko mengi kuhusu utandawazi na bado sijaona maelezo yanayoushinda mchanganuo huo mfupi. Ukiishika simu unaona kitu kimoja. Ukiishika hesabu yake unaona nchi kadhaa, maelfu ya watu wasiojuana, na kampuni moja inayoamua nani afanye kipi na alipwe ngapi. Unaona pia kwamba fedha nyingi hazikubaki pale jasho lilipomwagika: katika utafiti ule bei ya kuuzia ilihesabiwa kuwa dola 500.

Suala la nani kapata ngapi limeandikwa sana, nami sitalirudia kwa urefu. Kinachonigusa zaidi ni wajibu. Kazi ya kutengeneza kitu kimoja inapogawanywa katika nchi kumi, nani anabaki na jukumu la yanayompata mtu aliye katikati ya safari hiyo? Naamini hapo ndipo maana halisi ya uchumi wa dunia uliounganishwa inapopatikana, na hapo ndipo ulipojengwa vibaya.

Biashara ya mbali ni ya kale. David Ricardo alipoeleza mwaka 1817 kwa nini mataifa hunufaika kwa kubadilishana bidhaa, mfano wake ulikuwa nguo ya Uingereza na mvinyo wa Ureno. Katika mfano huo kila upande hutengeneza kitu kizima, toka mwanzo hadi mwisho, ndipo kinapakiwa melini. Aliyeuziwa nguo mbovu anajua ilikotoka na wa kumlalamikia. Leo sehemu kubwa ya vitu vinavyovuka mipaka havijakamilika: ni vipuri, malighafi zilizosindikwa nusu, michoro, programu, na huduma zisizoonekana kwa macho. Mashine za kuchora chipu za hali ya juu kabisa hutengenezwa na kampuni moja tu duniani, ASML ya Uholanzi. Vioo vya mashine hizo vinatoka kwa Zeiss wa Ujerumani, na chipu zenyewe kwa sehemu kubwa hutengenezwa Taiwan. Chipu zilipoadimika mwaka 2021, viwanda vya magari katika mabara tofauti vilisimamisha kazi vikisubiri kitu kidogo kuliko ukucha. Kuunganishwa ndiko huko: nchi haiwezi kumaliza kazi yake bila kazi ya wengine, tena wengine ambao pengine haijui kama wapo.

Tumefikaje hapa? Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Mwenye wazo hilo, Malcom McLean, alikuwa mfanyabiashara wa malori. Kupakia tani moja ya shehena kwa mikono ya makuli, gunia kwa gunia na sanduku kwa sanduku, kuligharimu karibu dola 6 wakati huo; kwa kontena gharama ilishuka hadi senti 16. Badiliko hilo moja lilifanya umbali upoteze sehemu kubwa ya bei yake. Kiwanda hakikuhitaji tena kuwa karibu na mnunuzi, wala vipuri kuwa karibu na kiwanda.

Hata hivyo kontena lingebaki kuwa sanduku la chuma kama sheria zisingebadilika pamoja nalo. Mwaka 1947 nchi 23 zilisaini mjini Geneva mkataba wa jumla wa ushuru na biashara, wakati ambapo ushuru wa forodha wa nchi kubwa kibiashara ulikuwa kwa wastani zaidi ya asilimia 20. Zikafuata duru za mazungumzo, moja baada ya nyingine. Duru ya Uruguay ilipofungwa Marrakesh mwaka 1994, ushuru wa nchi zenye viwanda ulikuwa umeshuka hadi karibu asilimia 5. Shirika la Biashara Duniani, WTO, lilianza kazi tarehe 1 Januari 1995, na China ikajiunga tarehe 11 Desemba 2001. Fedha nazo zilifunguliwa kwa maamuzi. Katika mfumo wa fedha wa dunia uliopangwa Bretton Woods, Marekani, mwaka 1944, serikali zilikuwa na haki ya kudhibiti mtaji unaoingia na kutoka. Kuanzia miaka ya 1970 nchi tajiri zililegeza udhibiti huo, Uingereza ikiuondoa kabisa mwaka 1979, na nyingine zikafuata kwa hiari au kwa masharti ya mikopo.

Nimeeleza haya kwa sababu mara nyingi utandawazi huelezwa kama majira ya mwaka: unakuja upende usipende, na kazi yako ni kuvaa nguo inayofaa. Historia inakataa. Dunia ilikuwa imeunganishwa sana kati ya mwaka 1870 na 1914, kwa meli za mvuke, nyaya za telegrafu chini ya bahari na sarafu zilizofungwa kwa dhahabu, kisha vita vikaikata. Mwaka 1930 Marekani ilipandisha ushuru kwa sheria ya Smoot-Hawley, nchi nyingine zikajibu mapigo, na katika mdororo ule thamani ya biashara ya dunia ilianguka kwa karibu theluthi mbili kati ya 1929 na 1934. Kilichojengwa kwa saini kinaweza kubomolewa kwa saini. Na kama ni kazi ya saini, basi tuna haki ya kuuliza ni nani aliyekuwepo mezani, na ni jambo gani halikuandikwa.

Tarehe 23 Machi 2021 meli ya Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilikwama ikiwa imekingama Mfereji wa Suez. Kwa siku sita ilifunga njia iliyokuwa ikipitisha karibu asilimia 12 ya biashara ya dunia. Wengi wanaikumbuka picha ya mtambo mdogo wa kuchimba uliokuwa ukihangaika chini ya ubavu wake. Mimi nilivutwa zaidi na karatasi zake. Mwenye meli alikuwa kampuni ya Japani. Aliyeikodi na kuiendesha kibiashara alikuwa kampuni ya Taiwan. Ilisajiliwa Panama. Uendeshaji wake wa kiufundi ulikuwa chini ya kampuni ya Ujerumani. Mabaharia 25 walikuwa Wahindi, na marubani walioiongoza ndani ya mfereji walikuwa Wamisri. Makontena yake yalikuwa mali ya wafanyabiashara wasiohesabika wa nchi nyingi. Meli ilipokwamuka, mamlaka ya mfereji iliizuia ikidai kwanza fidia ya dola milioni 916, na haikuondoka Misri hadi tarehe 7 Julai.

Ndipo nikakutana na jambo ambalo sikulitarajia. Mwenye meli alitumia kanuni ya bahari ya kale sana, ambayo imo katika sheria za Kirumi zilizokusanywa na mfalme Justinian katika karne ya 6, na ambayo hata Warumi waliihusisha na mabaharia wa kisiwa cha Rhodes. Kanuni inasema: mzigo ukitoswa baharini ili chombo kiokoke, hasara wagawane wote wenye mali chomboni, kila mmoja kwa kadiri ya mali yake. Mwenye kontena ambalo halikupata hata mkwaruzo alitakiwa kuweka dhamana kabla ya kukabidhiwa mzigo wake, kwa sababu gharama za kuiokoa meli ziliwahusu wote waliokuwa na kitu ndani yake.

Nimeifikiria sana kanuni hiyo. Inakubali kwamba waliochanganya mali zao katika safari moja wamechanganya pia hatari zao. Haiulizi kama ulimfahamu mwenye kontena la jirani. Wala huwezi kujitetea kwamba meli ni ya Panama na wewe uko bara jingine. Kwa upande wa mali, basi, wanadamu walishajua tangu zamani namna ya kuufanya wajibu usafiri pamoja na mzigo. Kwa upande wa watu mambo ni mengine kabisa. Mwishoni mwa mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya korona, mabaharia wapatao 400,000 walikuwa wamekwama melini, mikataba yao imekwisha na hakuna bandari iliyokubali washuke. Mizigo waliyoibeba ilishushwa kama kawaida.

Mfano mzito zaidi uko nchi kavu. Huko Savar, nje kidogo ya Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, palikuwa na jengo la ghorofa nane lililoitwa Rana Plaza. Chini kulikuwa na maduka na tawi la benki. Juu kulikuwa na viwanda vitano vya nguo vikishonea kampuni za Ulaya na Amerika. Ghorofa za juu ziliongezwa bila kibali halali, na majenereta mazito yaliwekwa huko huko juu. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana katika jengo. Benki na maduka yakafungwa. Washonaji wakaambiwa warudi kazini kesho yake. Asubuhi ya tarehe 24 jengo liliporomoka na kuua watu 1,134, wengi wao wanawake vijana.

Tukae kidogo kwenye usiku ule wa kati ya tarehe 23 na 24. Karani wa benki alikaa nyumbani, na mshonaji akarudi. Wote wawili walikuwa na habari ya ufa ule ule. Kima cha chini cha mshahara wa mshonaji kilikuwa taka 3,000 kwa mwezi, karibu dola 38, na mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia. Manusura wengi walisimulia kwamba walitishiwa kunyimwa mshahara wasipoingia. Msimamizi aliyewatisha alikuwa na tarehe ya kusafirisha mzigo. Mwenye kiwanda anayechelewa hulazimika kutoa punguzo au kuusafirisha mzigo kwa ndege kwa gharama yake, na faida yake yote inaishia hapo. Anayemnunulia naye ameahidi dukani kwamba nguo za msimu zitafika siku fulani kwa bei fulani. Kila mmoja alikuwa na sababu, na kila sababu ilitoka ngazi ya juu yake. Amri ilisafiri kutoka ofisi ya ununuzi ya ng'ambo hadi kwenye cherehani bila kupotea njiani. Habari ya ufa haikusafiri kurudi.

Lebo za nguo zilifukuliwa kwenye kifusi, na hata hivyo zipo kampuni zilizosema hazikujua kwamba nguo zao zilishonwa pale, kwa kuwa kazi ilipitishwa kwa mkandarasi wa mkandarasi. Baadhi ya viwanda vile vilikuwa vimekwisha kukaguliwa na wakaguzi wa kulipwa, lakini uimara wa jengo haukuwa sehemu ya ukaguzi. Ulipoanzishwa mfuko wa kuwafidia majeruhi na familia za waliokufa, michango ilikuwa ya hiari, na ilichukua hadi Juni 2015 kufikisha dola milioni 30. Linganisha na Ever Given: mwenye kontena alitakiwa kuweka dhamana kwanza, mzigo baadaye. Mwenye nguo alichangia akijisikia.

Mwaka 2020 tuliona hali hiyo hiyo bila jengo kuanguka. Maduka ya nchi tajiri yalipofungwa mwezi Machi, wanunuzi walifuta au kusimamisha oda za nguo kutoka Bangladesh ambazo chama cha wenye viwanda cha nchi hiyo kilizikadiria kuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 3, zikiwemo nguo zilizokwisha kushonwa. Mikataba iliwaruhusu. Kitambaa kilishanunuliwa, mishahara ilishaiva, na hasara ikamwangukia aliye na akiba ndogo kuliko wote. Baadaye, kwa kelele za watu, baadhi ya kampuni zilikubali kulipa.

Mtu akisoma hadi hapa anaweza kudhani nauchukia uchumi huu. Siuchukii, na sitaki kuona unavunjwa. Mwaka 1990 zaidi ya theluthi moja ya watu duniani waliishi katika umaskini wa kupindukia kwa kipimo cha Benki ya Dunia. Kufikia 2019 alikuwa karibu mtu mmoja kati ya kumi. Sehemu kubwa ya badiliko hilo ilitokea China, ambako watu karibu milioni 800 walivuka mstari huo katika muda wa miaka 40, na isingewezekana bila soko la dunia la kuuzia walichotengeneza. Bangladesh yenyewe ina wafanyakazi wa nguo wapatao milioni 4, na sekta hiyo huiletea nchi zaidi ya asilimia 80 ya mapato ya mauzo ya nje. Wanawake wengi waliopata mshahara wao wa kwanza humo wameutumia kujinunulia uhuru ambao mama zao hawakuwa nao. Mtu wa mbali anayetaka viwanda hivyo vifungwe kwa jina la huruma awaulize kwanza wanaofanya kazi humo. Jibu lao kwa miaka mingi limekuwa kwamba wanataka jengo lisilowaangukia, mshahara unaotosha na chama kinachosikilizwa.

Tatizo la wajibu haliko kwa nchi maskini peke yake. Wanauchumi wa Marekani wamekadiria kwamba kati ya mwaka 1999 na 2011 ushindani wa bidhaa za China uliigharimu nchi hiyo ajira zipatazo milioni 2, nyingi katika miji midogo iliyotegemea samani, nguo na vifaa vya umeme. Nchi kwa ujumla ilipata bidhaa rahisi na faida za kampuni. Mji uliofungiwa kiwanda ulipata nyumba zisizouzika na vijana wanaohama. Rais Kennedy alilitambua hilo mapema: sheria ya biashara ya mwaka 1962 iliweka programu ya kuwasaidia waliopoteza kazi kwa sababu ya bidhaa za kigeni, kwa hoja kwamba taifa linaloamua kufungua milango linadaiwa na wale wanaobeba gharama ya uamuzi huo. Programu hiyo haikuwahi kulingana na ukubwa wa hasara, na Julai 2022 muda wake ulimalizika bila Bunge kuuongeza. Halafu watu wanashangaa hasira ya wapiga kura ilikotoka. Ushuru mkubwa uliotangazwa Marekani mwaka 2018 na tena Aprili 2025 naona ni dawa mbaya, kwa sababu unamtoza mnunuzi wa ndani na mfanyakazi wa nje kwa pamoja. Lakini ugonjwa wenyewe upo, na waliodai haupo wamechangia kutufikisha hapa.

Fedha nazo zina safari zake. Dola ya Marekani ni zaidi ya nusu ya akiba za fedha za kigeni za benki kuu duniani, na inahusika katika karibu asilimia 90 ya miamala ya kubadilisha fedha. Benki kuu ya Marekani ina jukumu kisheria la kulinda bei na ajira ndani ya Marekani. Kati ya Machi 2022 na Julai 2023, ikipambana na mfumuko wa bei wa nyumbani, ilipandisha riba kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 5. Ilifanya kazi iliyotumwa. Lakini kwa nchi yenye deni la dola, riba hiyo ilipandisha gharama ya kukopa, ikadhoofisha sarafu yake, na kupunguza fedha za kununulia mafuta na dawa. Sri Lanka ilisimamisha kulipa madeni ya nje Aprili 2022, Ghana ikafuata Desemba mwaka huo. Zote mbili zilikuwa na makosa yao ya ndani, nayo si madogo. Hata hivyo mgonjwa aliyekosa dawa hospitalini Colombo, Sri Lanka, hana pa kupeleka malalamiko kuhusu sehemu ya msiba wake iliyoamuliwa Washington, kwa sababu hakuna sheria iliyovunjwa na hakuna ofisi inayohusika. Jambo kama hilo liliwahi kutokea mwaka 1982, riba za Marekani zilipopaa na Mexico ikatangaza kwamba haiwezi kulipa. Miaka 40 baadaye bado hatuna utaratibu wa kudumu, wenye nguvu ya kisheria, wa nchi kufilisika kwa heshima kama kampuni zinavyofilisika. Zambia iliyoshindwa kulipa Novemba 2020 haikukamilisha makubaliano na wenye hatifungani zake hadi Juni 2024.

Kodi ni kisa kifupi. Mwaka 2015 uchumi wa Ireland ulikua kwa asilimia 26 kwenye karatasi, hasa kwa sababu kampuni za kigeni zilihamishia huko umiliki wa hataza (haki za uvumbuzi) na mali nyingine zisizoshikika. Faida hutangazwa kule kodi ilipo ndogo. Mwaka 2021 nchi zaidi ya 130 zilikubaliana kodi ya kampuni kubwa za kimataifa isishuke chini ya asilimia 15. Januari 2025 Marekani ikatangaza kwamba makubaliano hayo hayaifungi.

Na watu wenyewe? Makumi ya mamilioni walihama Ulaya kwenda mabara ya Amerika katika karne moja kabla ya mwaka 1914, wengi wao bila hata pasipoti. Leo wanaoishi nje ya nchi walikozaliwa ni chini ya asilimia 4 ya watu wote. Kontena hupita mpaka kwa karatasi chache na mtaji hupita kwa kubofya; mtu hupanga foleni ubalozini na pengine kufa jangwani au baharini akijaribu. Waliofanikiwa kuvuka hutuma zaidi ya dola bilioni 600 kwa mwaka kwa nchi za kipato cha chini na cha kati, na hukatwa kwa wastani zaidi ya asilimia 6 kwa kila fedha ndogo wanayotuma, ilhali benki zikihamishiana mamilioni hulipa senti.

Sasa turudi kwa wajibu, kwa sababu sikubali kwamba hauwezi kusafirishwa. Kuna eneo ambako wajibu husafiri vizuri sana: uwekezaji. Kituo cha kimataifa cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kipo tangu mwaka 1966, chini ya kundi la Benki ya Dunia. Mwekezaji anayeona serikali ya nchi ya mbali imemdhulumu anaweza kuishtaki mbele ya wasuluhishi, akashinda, na kukamata mali za serikali hiyo katika nchi ya tatu. Dunia ilipotaka mtaji uwe na ulinzi unaovuka mipaka, iliandika mikataba kwa maelfu. Umbali haukuwa kisingizio.

Wiki chache baada ya Rana Plaza, Mei 2013, vyama vya wafanyakazi viliwabana wanunuzi wa nguo wakasaini mkataba wa usalama wa majengo na moto Bangladesh. Zaidi ya kampuni 200 hatimaye ziliingia. Tofauti yake na ahadi za zamani ilikuwa moja kubwa: ulikuwa na nguvu ya sheria. Wakaguzi hawakuwa wa kiwanda wala wa mnunuzi, matokeo yalichapishwa hadharani, mfanyakazi alikuwa na haki ya kukataa kuingia kwenye jengo lenye hatari, na mnunuzi alitakiwa kuhakikisha kuwa fedha za matengenezo zinapatikana. Viwanda zaidi ya 1,600 vilikaguliwa. Milango ya kuzuia moto ikawekwa, nguzo zikaimarishwa, makufuli ya milango ya kutokea yakaondolewa. Kampuni kadhaa kubwa za Marekani zilikataa kusaini zikaunda mpango wao wenyewe, kwa kuogopa hasa kile kifungu cha kushtakiwa.

Kifungu hicho kilitumika. Vyama vya wafanyakazi vilipeleka kampuni mbili za nguo kwenye usuluhishi The Hague, vikidai hazikutimiza masharti. Januari 2018 mojawapo ilikubali kulipa dola milioni 2.3, sehemu kubwa ikienda kwenye matengenezo ya viwanda zaidi ya 150. Ni fedha ndogo kwa kampuni ya namna hiyo, lakini kilichotokea ni kikubwa: mshonaji wa Bangladesh, kupitia chama chake, alimfikia mnunuzi wa mwisho wa jasho lake mbele ya wasuluhishi, kwa njia ile ile ambayo wenye mtaji wameizoea.

Tangu mwaka 2021 mkataba huo umekuwa wa kimataifa, na mwaka 2023 ulianza kazi Pakistan, ambako Septemba 2012 moto katika kiwanda cha nguo Karachi uliua zaidi ya watu 250. Ufaransa ina sheria ya mwaka 2017 inayozitaka kampuni zake kubwa kuangalia madhara katika minyororo yao ya ugavi, na Ujerumani ina yake tangu Januari 2023. Mkataba wa biashara wa Marekani, Mexico na Kanada, ulioanza Julai 2020, una utaratibu wa kukifuatilia kiwanda kimoja kimoja ambako wafanyakazi wamenyimwa haki ya kuunda chama, na ushuru nafuu wa bidhaa za kiwanda hicho unaweza kuzuiliwa mpaka kirekebishe. Vifungu vya namna hiyo vipo, basi. Bado ni vichache mno, na mikataba inayojadiliwa sasa hivi inaweza kuviandika ikiwa wajumbe wetu wataambiwa wazi, kabla hawajapanda ndege, kwamba bila vifungu hivyo wasisaini.